Gesi Rahisi, Kuhamia Ghali

Bei ya dizeli ikipanda, simu ya karakana yetu hulia. Anayepiga ni mkubwa fulani wa makao makuu, na swali lake ni lile lile: "Fundi, kwani haya malori hatuwezi kuyatia gesi kama wanavyofanya wenye teksi?" Mwaka 2022, dizeli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita na Serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni, swali hilo lilitoka kwenye simu likaingia kwenye vikao. Tangu hapo halijatoka.

Mimi nasimamia magari ya taasisi moja ya umma hapa Dar es Salaam. Nina malori ya taka yenye mtambo wa kushindilia, maboza ya maji, matipa, greda, na magari ya kawaida ya kubeba maofisa. Karibu yote yenye kazi nzito yanakunywa dizeli. Nimeshiriki kuhamishia baadhi yake kwenye gesi asilia, nimekaa kwenye vikao vya kuamua yapi yafuate, na nimebaki na mafaili ya gharama ambayo wakati wa kukata shauri hakuna mwenye hamu ya kuyafungua. Jibu langu kwa yule mkubwa ni kwamba tunaweza. Ila gharama aliyonayo kichwani, ile ya kununua mitungi na kumlipa fundi, ni sehemu ndogo ya gharama yenyewe.

Tuanze na teksi, kwa kuwa ndiyo inayowapa watu matumaini. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Kwa miaka kadhaa bei ya gesi ya magari hapa mjini imekuwa shilingi 1,550 kwa kilo. Kilo moja ina nguvu inayokaribia lita moja na theluthi ya dizeli. Gari dogo la petroli hubadilishwa kwa takriban shilingi milioni mbili, na mwenye teksi anayezunguka mchana kutwa hurudisha fedha yake katika miezi michache. Ndiyo maana hakuna aliyehitaji kuwaandikia wenye teksi waraka.

Lori si teksi kubwa. Injini ya petroli ina plagi. Ukiipelekea gesi badala ya petroli, cheche ipo pale pale. Injini ya dizeli haina plagi. Inabana hewa mpaka inapata moto mkali, kisha injekta inapuliza dizeli na dizeli inawaka yenyewe. Gesi asilia haiwaki kirahisi namna hiyo: inataka joto la nyuzi zaidi ya 500 za Selsiasi, wakati dizeli inatosheka na karibu nusu yake. Kwa hiyo kwa lori una njia mbili tu. Ya kwanza ni kufungua kichwa cha injini, kubadilisha pistoni ili mbano upungue, kutoboa pa kuweka plagi na kufunga mfumo mpya wa cheche. Hapo umejenga injini nyingine ndani ya bodi ya zamani. Njia ya pili ni kuchanganya: dizeli kidogo inaingia kuwasha moto, gesi inafanya kazi iliyobaki. Hii ya pili ni nafuu, haigusi pistoni, na gesi ikiisha njiani dereva anaendelea na dizeli kama zamani.

Wauzaji wa mifumo ya kuchanganya hukuambia kwamba gesi inachukua nusu ya dizeli au hata zaidi. Inawezekana, kwa lori lililopakiwa linalokwenda barabara kuu kwa mwendo usiobadilika. Lori la taka halina maisha hayo. Linasogea mita 30, linasimama, vijana wanapakia, mtambo unashindilia huku injini ikinguruma bila mzigo wa maana, kisha linasogea tena. Injini ikiwa nyepesi namna hiyo, gesi iliyotawanyika kwenye silinda haiungui yote. Nyingine inatoka kwenye ekzosi bila kufanya kazi, na kompyuta ya mfumo inarudi kwenye dizeli ili injini isizime. Ukiangalia hesabu ya mwezi unakuta dizeli imepungua kidogo tu, na gesi uliyoilipia sehemu yake imekwenda hewani. Juu ya hapo, ncha ya injekta ilizoea kupozwa na dizeli inayopita kwa wingi. Ukiipunguzia dizeli inapata joto, inashika masizi, na muda wa kuibadilisha unafika mapema.

Hapo ndipo penye fumbo la kazi hii. Mfumo ulio nafuu unalifaa lori la safari ndefu, na vituo vya gesi viko mjini. Lori la mjini, lililo jirani na vituo, linataka mfumo ulio ghali.

Twende kwenye namba. Hizi ni za kukadiria, lakini kila mtu mwenye magari anaweza kuweka zake. Chukulia lori la taka linalotumia lita 60 za dizeli kwa siku, na dizeli iwe shilingi 2,800. Hiyo ni shilingi 168,000. Lori lile lile likiwa na injini ya gesi tupu litahitaji kama kilo 53, kwa kuwa injini ya cheche haina ufanisi wa injini ya dizeli. Kwa shilingi 1,550 unapata 82,150. Umeokoa karibu shilingi 86,000 kwa siku moja. Zidisha kwa siku 300 za kazi, unakaribia milioni 26 kwa mwaka kwa lori moja. Ukimpelekea mkubwa karatasi hiyo, anaweza kusaini papo hapo.

Sasa lipeleke lori hilo kituoni. Dampo letu liko Pugu Kinyamwezi, na lori zuri lisilosumbuliwa na foleni ya barabarani linaweza kwenda na kurudi mara tatu kwa siku. Foleni ya gesi ikimeza saa mbili, safari ya tatu imekufa. Malori mawili yaliyokuwa yanafanya safari sita yanafanya nne, na ili taka zile zile ziondoke mtaani unahitaji lori la tatu, dereva wa tatu na vijana wengine wa kupakia. Shilingi 86,000 za kila lori hazifiki popote hapo. Katika hesabu zote nilizowahi kuletewa na wataalamu wa kutoka nje ya karakana, mstari wa foleni sikuuona. Wenyewe huandika bei ya mafuta, bei ya mfumo na muda wa kurudisha mtaji, kama vile lori likiwa kituoni linaendelea kuzoa taka.

Delhi ilishalipia somo hili. Mwezi Julai 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mabasi yote ya jiji hilo yahamie kwenye gesi asilia ifikapo mwisho wa Machi 2001. Tarehe ilifika mabasi na vituo havijawa tayari, muda ukaongezwa, na kwa kipindi kirefu madereva walipanga foleni za usiku kucha. Mwishoni mwa 2002 dizeli ikawa imeondoka kwenye mabasi ya jiji. Lengo lilifikiwa, na hewa ya jiji ilihitaji hatua ile, lakini kilichochelewesha hakikuwa injini. Marekani nayo, kwa sheria ya nishati ya mwaka 1992, ilizitaka ofisi za serikali zinunue magari yanayoweza kutumia mafuta mbadala. Magari yakanunuliwa kwa wingi, mengi yakaendelea kutiwa petroli kwa sababu vituo vya mafuta hayo vilikuwa mbali. Na malori mazito hayakuwamo kwenye sharti hilo; walioandika sheria walijua walichokuwa wanakikwepa.

Kituoni kuna jambo jingine ambalo hulioni mpaka uwe na dereva mwenye hasira mbele yako. Tulipoanza, dereva wetu mmoja mtu mzima alijaza jioni, akaona mshale wa shinikizo umefika baa 200, akalaza gari yadi. Asubuhi akanifuata ofisini kabla hata sijakaa.

"Mkuu, wameninyonya gesi usiku."

"Gesi hainyonywi kwa mpira, mzee wangu. Mshale unasema ngapi?"

"Mia na sabini na kitu. Jana niliuacha mia mbili, na utingo wangu shahidi."

Hakuna aliyemwibia. Gesi ikisukumwa mtungini kwa haraka inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma mkono ukiisukuma kwa nguvu. Gesi ya moto inajaza mshale kabla haijajaza mtungi. Usiku inapoa, mshale unashuka, na unagundua ulichopewa ni pungufu ya ulichotarajia, ingawa ulilipia kilo zilizoingia kweli. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari, upungufu huo unaweza kulikosesha lori kilomita ambazo lingezihitaji kumaliza zamu. Mzee yule alinielewa, lakini tangu siku hiyo alijaza asubuhi na jioni, na foleni zikawa mbili.

Uzito nao ni fedha. Mtungi wa chuma wa lita 100 una uzito unaokaribia kilo 100 na unabeba kilo 16 hivi za gesi. Lori letu la kilo 53 linataka mitungi minne. Ukijumlisha na fremu ya kuishikilia, unakaribia nusu tani, wakati dizeli ya siku hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 50 tu. Kwa lori la taka nusu tani inavumilika. Sasa chukua lori la serikali linalopeleka vifaa Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Likihitaji lita 400 za dizeli, kwa gesi tupu linataka mitungi zaidi ya 20, yaani tani mbili za chuma kabla hujapakia hata boksi moja, na kwenye mizani ya barabarani tani mbili hizo zinahesabiwa kama mzigo mwingine wowote. Ipo mitungi myepesi ya nyuzi za kaboni, lakini bei yake inaianzisha hesabu yote upya. Kiwanda cha saruji cha Dangote kule Mtwara kimeweza kuendesha malori kwa gesi kwa sababu kiko penye gesi yenyewe, kina pa kujazia, na malori yake yanapita njia zinazojulikana. Ofisi ya serikali ambayo leo inatumwa Kilosa na kesho Kasulu haina bahati hiyo.

Karakana yenyewe pia hubadilika. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja inapanda juu na kujikusanya chini ya paa. Karakana nyingi za serikali zina paa la bati lisilo na matundu kwenye kipeo, taa za kawaida, na fundi wa kuchomelea anayefanya kazi pembeni ya gari lililo kwenye shimo. Kabla ya kuliingiza lori la gesi humo, unatoboa paa, unabadilisha taa, unafunga vifaa vya kunusa uvujaji, unamhamisha mchomeleaji, na unawapeleka mafundi mafunzoni. Mitungi nayo ina ratiba yake ya kupimwa kwa shinikizo, na lori linalosubiri kipimo halifanyi kazi. Hayo yote hayamo kwenye ankara ya muuzaji wa mfumo.

Tukifika kwenye bajeti, mambo yanakuwa magumu kwa namna nyingine. Dizeli inalipwa kutoka kwenye fungu la matumizi mengineyo, na ina njia yake iliyozoeleka ya kununuliwa kwa utaratibu wa serikali. Kubadilisha injini ni fedha ya maendeleo, ambayo inaombwa kwa andiko na inaweza kuja robo ya mwisho ya mwaka au isije. Anayetoa fedha ya mabadiliko si yule anayeona dizeli ikipungua. Halafu ukifanikiwa, mwaka unaofuata fungu lako la mafuta linapunguzwa kwa kuwa umeonyesha unaweza kuishi kwa kidogo. Fedha uliyookoa hairudi karakana kununua injekta wala kulipia kipimo cha mitungi. Msimamizi wa magari mwenye akili timamu anaona haraka kwamba mfumo huu unamwadhibu aliyebana matumizi.

Na kuna kodi. Sehemu kubwa ya bei ya dizeli ni tozo, ikiwemo ya Mfuko wa Barabara. Gesi imekuwa rahisi kwa sababu imechimbwa nyumbani, na pia kwa sababu haikubeba tozo hizo. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2024 ilipendekezwa kuwekwa tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari. Rudi kwenye lori letu: kwa tozo ya namna hiyo, gharama ya siku inapanda kutoka 82,150 mpaka zaidi ya 102,000, na akiba inashuka kutoka 86,000 mpaka 65,000 na ushei. Bado ni akiba, lakini karibu robo yake imeondoka kwa mstari mmoja wa hotuba. Kwa lori la serikali kuna kichekesho zaidi: tozo inayokwepwa kwa kuacha dizeli ilikuwa inatoka mfuko mmoja wa umma na kuingia mfuko mwingine wa umma. Taasisi yangu inaiona kama akiba kubwa, na ni haki yake. Hazina ikikaa kujumlisha nchi nzima, akiba ya kweli ni ndogo kuliko jumla ya karatasi zetu. Faida ambayo haibishaniwi ni ile ya fedha za kigeni, kwa kuwa dizeli yote tunainunua nje.

Lipo jambo ambalo kwenye vikao husemwa kwa kukohoa. Dizeli inaibwa. Inanyonywa kwa mpira, inauzwa kwa madumu, na kitabu cha safari kinajazwa kilomita za kuhalalisha. Gesi iliyobanwa kwa shinikizo la baa 200 haiingii kwenye dumu. Lori likihamia kwenye gesi, upotevu huo unaondoka bila kamera wala mlinzi, na hakuna mshauri aliyewahi kuliandika hilo kama faida. Faida hiyo hiyo ndiyo inayozaa malalamiko mengi kuhusu gesi: gari halina nguvu, gari linazima mlimani, gari linanuka. Mengine ni ya kweli na tumeyatengeneza. Mengine yanapona yenyewe siku dereva anapoongezewa posho ya safari kihalali. Atakayepanga kuhamisha magari bila kuzungumza na madereva kuhusu maslahi yao ajiandae kuona mifumo mipya ikiharibika kwa kasi isiyo na maelezo ya kiufundi.

Watu huniuliza kuhusu mafuta mbadala mengine. Dizeli ya mimea naifahamu kwa sifa zake: inasafisha uchafu wote wa tangi la zamani na kuupeleka kwenye chujio, na inalainisha mipira ya zamani. Hayo yanatibika. Kisichotibika kirahisi ni upatikanaji. Mradi mkubwa wa mbono kaburi wa Kisarawe ulianguka mwaka 2011, na injini zinazosubiri mafuta ya shamba lisilokuwepo hazitembei. Umeme nauona ukija, hasa kwa lori la taka linalosimama na kuondoka kutwa nzima, kwa kuwa kila likifunga breki linarudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha mazungumzo ya umeme nchini. Bei ya lori lenyewe ndiyo inayotuzuia sasa.

Baada ya yote hayo, nisieleweke kwamba naikataa gesi. Naitaka, na naitaka ianzie mahali sahihi. Dawa ya foleni na ya mshale unaodanganya ni ile ile, na kampuni nyingi za taka za Marekani zimeitumia: kompresa ndogo ndani ya yadi inayojaza malori yote polepole usiku kucha, yakiwa yamelala. Gesi ikiingia taratibu haipati moto sana, mtungi unajaa kweli, hakuna dereva anayesubiri, na safari ya tatu ya Pugu inabaki. Sharti lake ni yadi iwe karibu na bomba la gesi na umeme uwe wa uhakika. Ndiyo kusema kwamba ukitaka kujua kama taasisi inaweza kuhamia kwenye gesi, kwanza unatafuta yadi yake kwenye ramani ya bomba. Injini unaiangalia baadaye.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri kwa maandishi, huandika mambo manne. Malori ya taka na maboza yanayolala yadi moja kila usiku yaanze, lakini kwa kununua yaliyotoka kiwandani na injini ya gesi pale ya zamani yanapofika mwisho wa maisha. Kulijengea injini mpya lori la miaka kumi na tano ni kuzika fedha. Kompresa ya yadi iwemo kwenye zabuni ile ile ya malori, isiachwe kwa awamu ya pili ambayo haiji. Kati ya malori ya mikoani, yafungiwe mfumo wa kuchanganya yale tu yenye njia ya kudumu inayopita kwenye kituo, na greda iachwe na dizeli yake. La nne ni la Afisa Masuuli, yule anayewajibika kwa fedha za taasisi: aweke kwa maandishi kwamba kwa miaka mitatu ya mwanzo akiba ya mafuta itabaki karakana kulipia vipimo, vipuri na mafunzo. Asipokubali hilo la nne, huwa namshauri asisaini yale matatu.